Zamu ya Mama

Nyuma ya nyumba yangu kuna shule, na mwalimu wake wa michezo anapenda filimbi kuliko anavyopenda watoto. Akiipuliza tu, nanusa udongo mkavu na isyo, yaani mahindi na mbaazi zikichemka kwenye sufuria kubwa, nami narudi Kalamba nikiwa na miaka tisa.

Filimbi yetu, ya kuita watu kazini, ilikuwa ya Mama Kioko, mwenyekiti wa mwethya, kikundi cha akina mama waliochimbiana matuta ili mvua isibebe udongo. Kila Jumanne walikuwa shambani kwa mmoja wao, majembe yakipanda na kushuka kwa wimbo, na mwenye shamba ndiye aliyewapikia. Sisi watoto tuliwafuata kama kuku wanavyomfuata anayepepeta. Mama alichimba kuliko wote, na wakati wa kula alinisogezea nusu ya chakula chake.

Baba alikuwa amekwenda Mombasa kutafuta kazi, tukabaki kumtafuta yeye. Shamba letu lilikuwa kwenye mteremko mbaya kuliko yote, bila tuta hata moja. Zamu yetu ilipofika, mama alinituma kwa Mama Kioko.

"Mama amesema mwingine aende mbele. Shamba yetu haina haraka."

Zamu ilitufikia mara tatu, na mara zote tatu nilipeleka maneno hayo hayo. Nilimwona mama kama watakatifu wa kwenye mahubiri, wale wa kuwapisha wengine, na utakatifu wake uliniudhi sana, maana nilitaka wimbo uimbwe kwetu pia.

Mara ya tatu Mama Kioko aliweka jembe chini, akanishika kidevu.

"Mwende, niambie ukweli. Jana mlikula nini?"

Mama alikuwa amenifunza kwamba mambo ya jikoni hayatoki jikoni. Nikajibu haraka, tena kwa maringo. "Isyo. Na tukabakisha."

Akaokota jembe lake. "Haya. Mwambie tutangoja yeye mwenyewe atuite."

Mvua ya Novemba ilikuja kwa hasira. Asubuhi tulikuta mahindi yaliyoota yamekwenda pamoja na udongo wake, na chini ya ghala pamefunguka korongo ambalo ningesimama ndani yake nisionekane. Mama hakulia. Ilikuwa Jumanne, kwa hiyo alichukua jembe akaenda kuchimba kwa wenzake. Miaka iliyofuata korongo lilikula shamba, likala ghala, nami nikaacha shule nikiwa darasa la sita, nikaenda kuosha vyombo kwenye hoteli kule mjini Salama.

Siku ya kumzika mama, vijana walihangaika tangu alfajiri kutafuta mahali pa kuchimba kaburi. Palikuwa pamebaki mawe matupu. Mama Kioko, mzee sasa, aliketi karibu nami.

"Mficha uchi hazai," alisema. "Mama yako alificha sana. Sisi tulishuku hana kitu ya kutupikia. Tulikuwa tumekubaliana kila mtu abebe mahindi yake, tuje tuchimbe. Lakini utampelekeaje mtu chakula na yeye hajasema hana? Hiyo ni matusi. Ndio nikakuuliza wewe, mtoto, nipate njia. Nawe ukasema mmebakisha."

Usiku wa kuamkia siku ile aliponishika kidevu tulikuwa tumekunywa maji ya moto yenye chumvi, na mama aliyaita supu, akicheka, nami nikacheka naye.

Watu huniambia mtoto wa miaka tisa hana kosa. Sawa, hana. Lakini udongo wetu haukurudi, na mama alikufa akiwa kibarua kwenye matuta aliyoyachimba kwa mikono yake, matuta ya watu. Filimbi ikilia nyuma ya nyumba, hujikuta nimesimama, mwanamke mzima, nikijaribu lile jibu jingine.

Hatukula kitu, Mama Kioko.