Brandi Kidogo, Glasi Kubwa

Wenzake walimwita Paka, na jina hilo hakupewa kwa hisani. Mwaka wa ishirini na mbili sasa alikuwa akipeleka vinywaji vyumbani kwa abiria wa meli ya watalii, na hakuna aliyewahi kumsikia akija. Mtwishe glasi sita za mvinyo, chupa mbili za bia na ndoo ya barafu juu ya trei moja: atatoka kaunta ya chini, apande lifti, akate korido ndefu yenye zulia jekundu, na abiria hatasikia kitu mpaka asikie hodi mlangoni. Wapo wahudumu ambao wakija utadhani kabati la vyombo linahama nyumba. Yeye, hapana.

Na usimsikilize anayekwambia kazi ile ni kubeba tu. Abiria anapiga simu amelala kitandani, anataka jini na ndimu, barafu vipande vitatu, vikiwa vinne atasema si jini. Mpokea simu anaandika, watu wa kaunta wanamimina, Paka anabeba. Meli ikilalia kushoto, kiwiko kinapanda. Ikilalia kulia, goti linakunjwa kidogo. Akifika lazima auone uso wa mtu mzima aliyeagiza, kwa kuwa kileo hakiachwi mlangoni kama gazeti. Achukue saini. Kisha inakuja sehemu ambayo hakuna chuo kinachoifundisha, nayo ni kutoona. Asione kwamba kitanda hakijatandikwa na sasa ni saa nane mchana. Asione macho yaliyolia. Asione kwamba chupa ya jana imekwisha na mtu yuko peke yake. Kwa kutoona, Paka alikuwa bingwa.

Yeye mwenyewe hakunywa. Si kwamba aliacha, hakuwahi kuanza. Mgeni akimwuliza ipi kati ya hizi mbili ni tamu, alijibu, "Hii, bwana, wanaoipenda huwa hawaigusi nyingine," na mgeni akaridhika, ingawa ukiyapima maneno hayo huoni uzito wowote ndani yake.

Kutokunywa kwake kulitokana na baba yake. Baba alikuwa fundi wa kuandika mabango ya maduka, mwenye mkono uliosifiwa mtaa mzima, mpaka ule mwaka ambao herufi zilianza kuyumba. Bango la duka la viatu lilitoka na mawimbi. Watu wakasimama chini yake wakacheka: "Jamani, bango limelewa!" Toka bango lilewe, haikuchukua muda fundi naye akawa amelewa, midomoni mwa watu, asubuhi na jioni. Wateja wakapungua. Wengine walimwonea huruma, jambo ambalo ni baya zaidi. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja.

Paka alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa akivuka barabara ili asipite chini ya lile bango. Siku moja baba alipolala baada ya chakula cha mchana, alilichukua shati lake lililotundikwa nyuma ya mlango, akalinusa kola, mikono na mfuko wa kifuani. Lilinuka rangi. Mtoto akapiga hesabu zake za kitoto, akaona kwamba mzee ni mjanja, anaificha pombe kwa harufu ya rangi. Akaapa hatakunywa maisha yake yote. Kiapo hicho alikitimiza, na kazi aliyokuja kuipata, dunia haina haya, ikawa ya kuwapelekea watu pombe.

Sasa alikuwa na miaka hamsini na saba, na mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka.

Ulianza mwaka juzi, kwenye kijiko cha supu. Baadaye ukafika kwenye trei, na glasi zikaanza kusemezana: ti-ti-ti-ti. Bahari ikichafuka hapakuwa na tabu, kwani glasi za kila mhudumu zilipiga kelele, na abiria wenyewe walishikilia kuta. Mabaharia wote waliomba bahari itulie; Paka alikuwa peke yake upande wa pili, anaomba ichafuke. Siku za shwari alitumia mbinu. Alitandika kitambaa kibichi chini ya glasi zisigongane. Alihamisha trei mkono wa kushoto. Alishawishi watu: "Bia ya chupa hukaa na baridi yake, mama. Nikufungulie hapa hapa?" Mficha maradhi kifo humuumbua, methali hiyo aliijua vizuri sana, lakini alisema moyoni kwamba mkataba wake umebakiza miezi minne, na miezi minne si mingi.

Mgeni mmoja hakuhitaji kushawishiwa. Chumba 614 alikaa fundi saa mstaafu, mzee mwembamba aliyesafiri na mkewe. Mke alishinda bwawani na kwenye madarasa ya dansi; mzee alishinda chumbani na kitabu. Kila siku alasiri alipiga simu akaagiza kitu kile kile: brandi kidogo, glasi kubwa.

"Anataka kuinywa au kuioga?" watu wa kaunta walicheka.

Mzee aliipokea glasi kwa mikono miwili, akaibana kifuani kabla ya kuinua. Paka, kwa ubingwa wake, hakuona.

Kisha ikaja wiki ya shwari. Bahari ililala, maji hayakuwa hata na mkunjo, abiria wakafurahi na kuagiza mvinyo mwekundu kwa wingi. Siku ya tatu Paka alimwagia bibi mmoja tone kwenye mkono wa gauni jeupe. Bibi alisema si kitu. Jioni, kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi, mtu wa kaunta alisema kwa sauti ya kutosha meza tatu, "Paka wetu ameanza kuonja maziwa."

Walicheka. Paka naye alicheka, kwa sababu usipocheka utani wa namna hiyo umekwisha kuukubali. Lakini chakula kilimshinda. Ndani ya meli ile, mhudumu akikutwa amekunywa kazini hushushwa bandari inayofuata na sanduku lake. Hata hivyo kushushwa hakukumuuma sana. Kilichomuuma, kikamchoma hasa, ni kwamba yale maneno aliyajua. Ndiyo yale yale yaliyosemwa chini ya bango. Asingeweza kuvumilia kurudi nyumbani akiwa mlevi wa pili wa ukoo, yeye ambaye hata ladha ya bia haijui.

Asubuhi msimamizi alimwita. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na wote walimwita Madam.

"Leo saa kumi nitatembea na wewe."

"Kuna tatizo, Madam?"

"Nimesikia maneno. Sipendi kusikia, napenda kuona."

Saa tisa na nusu, 614 alipiga simu, mapema kuliko kawaida. Paka aliibeba ile glasi moja, na glasi moja haina wa kugongana naye, lakini kitako chake kiliongea na trei njia nzima. Mzee alifungua mlango kabla ya hodi.

"Nimekusikia tangu kwenye lifti," alisema. "Weka hapo, ukae."

"Sisi hatukai vyumbani, mzee wangu."

"Basi simama, lakini masikio yako niazime." Alinyoosha mkono wake wa kulia katikati yao, na vidole vikacheza vyenyewe hewani. "Unaona? Au wewe ni katika wale wasioona?"

Paka alitazama zulia. "Naona, mzee."

"Wako ulianza lini?"

"Ni uchovu tu."

"Uchovu!" Mzee alicheka. "Nimefungua saa za watu miaka arobaini. Saa iliyochoka naijua, na iliyotoka hivyo kiwandani naijua. Mimi nilidhani ni uzee. Daktari akaniuliza swali moja tu: nani mwingine kwenu alikuwa nao? Mama yangu. Sisi tulikuwa tukisema mama ni mwoga, anatetemeka akimimina chai. Mwoga gani, mtu aliyezaa tisa! Ulikuwa ni mkono wake, basi, akanirithisha. Na kwenu? Nani alikuwa nao?"

Paka alifungua kinywa aseme hakuna. Bango la duka la viatu lilimjia mbele ya macho, na mawimbi yake yote, akaziona zile herufi kwa mara ya kwanza bila kicheko cha watu chini yake. Akakaa, tena juu ya kitanda cha abiria, kosa ambalo hakuwahi kulifanya miaka ishirini na miwili.

"Baba," alisema.

Mzee aliitikia kwa kichwa. Alimwacha akae. Baada ya muda alisukuma ile glasi kubwa upande wake. "Watu hawajui hili. Brandi kidogo huutuliza, kwa saa moja hivi. Mimi nainywa kabla ya kucheza karata na mke wangu, la sivyo anazisoma karata zangu zote. Ndiyo maana nimeagiza mapema leo, nikuonyeshe. Kunywa nusu."

Paka alimwambia habari ya Madam na saa kumi.

"Ndiyo sababu unywe! Utatembea kama zamani."

Paka aliitazama glasi. Sitaficha: aliitamani. Kwa mara ya kwanza maishani aliitamani pombe, na si kwa utamu, bali kwa ile korido, atembee mara moja tena kimya mbele ya yule mwanamke na wote wafunge midomo yao. Kisha akaona kichekesho chenyewe. Anywe, ili wasiseme anakunywa.

"Mzee wangu," alisema akisimama, "nikiinywa hii, watakuwa wamesema kweli."

Saa kumi kamili alitoka kaunta na glasi mbili za mvinyo mwekundu za chumba 702, Madam nyuma yake. Kitambaa kibichi alikiacha kwa hiari. Trei aliibeba mkono wa kulia. Meli haikutikisika hata kidogo, na korido nzima, mlango baada ya mlango, glasi zile zilipiga ti-ti-ti-ti. Hakuna tone lililomwagika. Abiria alitia saini, akashukuru, akafunga mlango.

"Twende ofisini," Madam alisema.

Alitoa kipima ulevi kwenye droo. Paka akapuliza. Sifuri. Madam alikitikisa kifaa, akampulizisha tena. Sifuri. Akakiweka mezani polepole.

"Basi ni nini?"

"Ni mkono wa baba yangu, Madam. Alikuwa nao. Hakuwa mlevi."

Sentensi ya mwisho hakuulizwa. Madam alikirudisha kifaa kwenye droo.

"Kesho utaonana na daktari wa meli," alisema. "Kwa sasa utakaa kwenye simu. Hakuna anayezijua oda kama wewe." Akaifunga droo. "Na mtu wa kaunta nitaongea naye mimi."

Kwenye simu hakuna trei. Paka alikaa pale siku ya kwanza akiwatazama wenzake wakiondoka na glasi zao, moyo ukamwuma waziwazi, kwani korido ile aliipenda. Alasiri simu ya 614 iliita.

"Brandi kidogo," sauti ilisema, kisha ikamtambua. "Ala! Ni wewe?"

"Ni mimi, mzee. Glasi kubwa, najua."

Alipoipeleka oda kaunta, mmoja alianza tena ule mzaha wa kuoga. "Anashika kwa mikono miwili," Paka alimwambia. "Ikiwa ndogo haishikiki." Yule akaimimina bila kucheka.

Zamu ilipokwisha alipanda sitaha ya wafanyakazi, jua likiwa bado juu, akampigia mama yake. Mama alikuwa na miaka themanini na salamu yake ilikuwa moja.

"Umekula?"

"Nimekula, mama. Mama, mkono wangu wa kulia unatetemeka."

"Kama wa baba yako," mama alisema. Hakuwa anauliza.

"Mama, baba hakuwa mlevi."

"Hilo unaniambia mimi?" mama alisema. "Siri ya mtungi, mwanangu, aijuaye ni kata. Nimeishi naye miaka thelathini na moja, hata harufu hakuwahi kuniletea."

"Mbona hukutuambia?"

"Nilisema mpaka nikachoka. Mlikuwa mnawasikiliza watu." Akavuta pumzi. "Na wewe siku ile ulinusa shati lake."

Paka aliishika simu kwa mikono miwili. "Uliniona?"

"Mimi nilikuwa jikoni. Yeye ndiye aliyekuona, hakuwa amelala. Aliponieleza nilitaka kuja kukuchapa, akanizuia. Alisema, mwache anuse. Akikosa harufu, ataamini."

Miaka arobaini na mitano ilikuwa imepita tangu alitundike tena lile shati nyuma ya mlango, na harufu aliyoikumbuka mpaka leo ilikuwa ya rangi tu.