Nyayo Alizozipotosha Mayige

Mayige alizaliwa Zagayu, kwenye mji wa pamba na ng'ombe, lakini tangu utoto alipenda pori kuliko shamba. Baba yake alimfundisha kufuata nyayo, yeye na mdogo wake Salu, na kwa miaka mingi kitoweo cha nyumbani kilitoka huko. Kisha likaja soko huria. Uwindaji wa wageni, uliokuwa mikononi mwa shirika la serikali, ukaachiwa watu binafsi, na kampuni moja ikapewa kitalu chote cha uwindaji hadi mtoni. Mayige akaajiriwa kuwaongoza wawindaji. Salu aliendelea kuwinda kama zamani, ila sasa akaitwa jangili.

"Kaka, nyama ni ile ile," Salu alimwambia siku moja wakiwa wanakunywa uji uani kwake. "Wewe unamtafutia Mzungu, mimi nawatafutia watoto. Kosa langu liko wapi?"

"Utaliona wakikukamata."

Salu alicheka. Miguuni alivaa katambuga alizokatiwa na Mayige mwenyewe kutoka kwenye tairi kuukuu la gari la kambini.

Kiangazi kile mgeni mmoja alimpiga mbogo tumboni wakati jua linazama, na mnyama akatoroka na risasi yake. Asubuhi wakarudi kumtafuta: mgeni, mwindaji wa kampuni, askari wa wanyamapori aliyeitwa Constantine, na Mayige mbele yao. Damu ilikuwa matone machache tu. Karibu na korongo wakakuta mtego wa waya, na kando yake nyayo za mtu.

"Mbogo asubiri," Constantine akasema. "Kwanza huyu. Mayige, tupeleke."

Mayige akainama. Mistari ya tairi lile aliijua. Mguu wa kulia ulitazama nje, maana Salu aliwahi kuvunjika alipoanguka kutoka mgongoni mwa maksai. Nyayo ziliingia kwenye vichaka vya korongoni, mbichi kabisa. Akilini Mayige akamwona mdogo wake amefungwa pingu, akawaona na watoto wanavyolia. Akainuka, akashika njia ya mawe upande wa pili.

Walitembea mpaka jua likawa kali.

"Wewe leo vipi?" Constantine aliuliza. "Mbona tunazunguka?"

"Amepita juu ya mawe, afande. Amenipotea."

Mgeni alikuwa amechoka. Wakarudi kambini, na mbogo hakutafutwa tena.

Jilala, mchungaji wa Mwamapalala aliyekuwa akitafuta ng'ombe wake, ndiye aliyemkuta Salu kule korongoni. Paja lilikuwa limechanwa na pembe. Alikuwa amelifunga kwa shati lake, kisha akajikokota kwenye mchanga kuelekea barabara ya magari ya kampuni. Hakufika. Mbogo naye alikuwa amekufa hatua chache ndani ya vichaka, ana tundu la risasi tumboni.

Baada ya matanga Mayige alikwenda kwa Domitila, mke wa marehemu. Alimkuta anachambua pamba.

"Shemeji, nyayo zake niliziona. Nilijua ni yeye. Nikawapeleka kwingine ili wasimkamate."

Mikono ya Domitila ikasimama. "Mlipogeuka, alikuwa hai?"

"Sijui."

Aliikusanya pamba iliyomjaa mapajani, akaiweka kando.

"Mngemkamata, angefungwa," alisema. "Ningekuwa nampelekea chakula."

Mayige hakurudi kambini. Gari la kampuni lilipokuja kumwita, alijificha ndani, akamwacha mkewe aseme anaumwa. Mvua zilipoanza alichukua jembe, akaenda kulima shamba la Salu bila kuombwa, na msimu uliofuata akafanya hivyo hivyo, na mwingine. Domitila hakumfukuza. Kila asubuhi Mayige alipopita uani kwake na kumwamkia kwa heshima kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yeye aliitikia kwa sauti ya chini, akainua ndoo yake, akaingia ndani.