Tanuri Lilipozimika Mara Tatu

Coleta Kasmir alizaliwa Mwazye, kwa wakulima wa ulezi na mahindi. Mwaka aliosoma uchomeleaji katika chuo kimoja cha ufundi mjini Sumbawanga, msichana alikuwa yeye peke yake darasani. Alipomaliza, chuo kikamwajiri atunze karakana. Akaolewa kijiji cha Mollo, akamzaa Edith, na watu wakazoea kumwita Mama Edith.

Miaka ya mwanzo alichomelea pia vitu vya majirani. Siku moja mzee Teodori alimletea mkokoteni wa ng'ombe uliokatika kiungo. Coleta alikuwa na haraka. Hakusugua kutu, alichomelea juu yake, akapaka rangi, pakapendeza. Wiki ya tatu kiungo kiliachia mteremkoni, mkokoteni ukamvunja mzee mguu. Sababu aliijua yeye tu. Alikaa nayo siku mbili, kisha akaenda.

"Shikamoo, baba. Nilichomelea juu ya kutu."

Mzee aliugusa mguu uliofungwa. "Marahaba. Mguu utapona. Lakini usirudie."

Mguu ulipona vibaya. Mpaka leo mzee anachechemea, na kila msimu Coleta humsaidia kulima, ingawa hakuombwa.

Mwaka juzi alikuja Shamsi, kijana wa familia yenye maduka na malori pale mjini, anayesomea shahada ya uzamivu Dar es Salaam. Alibeba vipande sita vya chuma, vidogo kama vifungo vya koti. Vilikuwa mfano wa mapanga yanayozunguka ndani ya mitambo ya gesi ya kufua umeme. Juu vilikuwa na kauri nyeupe ya kuzuia joto. Chini ya kauri kulikuwa na tabaka jembamba la metali, la kuishikisha kwenye chuma. Tabaka hilo likiliwa na hewa ya moto hufanya gamba, na gamba likinenepa, kauri hubanduka.

"Vitatu hivi, metali yake iliyeyushwa ndipo ikapuliziwa," Shamsi alieleza. "Vitatu hivi haikuyeyushwa. Unga wake, ukiwa baridi, ulirushwa kwa kasi kubwa mno mpaka ukajibana wenyewe. Nataka kujua ipi inastahimili. Tanuri la chuo kikuu lina foleni, Mama Edith. Nisaidie kwa tanuri lenu la umeme hapa karakanani, saa mia tatu mfululizo."

"Mfululizo? Kwa umeme wetu huu?"

"Tuombe Mungu."

Coleta alitia kila kipande katika kikombe chake, ili hata kikibanduka magamba yasipotee. Akavipima uzito, akawasha tanuri. Siku ya nne, saa nane mchana, umeme ulikatika, tanuri likapoa. Ulikatika tena siku ya saba, na ya kumi. Kila mara aliandika saa na joto kwenye daftari la karakana.

Walipofungua, Shamsi alichekelea. Vipande vya unga baridi vilikuwa vimeongezeka uzito nusu tu ya vile vingine. Maana yake gamba lake lilikuwa dogo. Kauri ilikuwa imebanduka kwenye viwili vya metali iliyoyeyushwa. Lakini na kimoja cha unga baridi kilikuwa kimebanduka ukingoni.

"Mwalimu wangu anataka joto la mfululizo," Shamsi alisema kwa sauti ya chini. "Huko kukatika tusikuandike. Na hiki tuseme kilianguka."

"Hakikuanguka."

"Mama Edith, nitachelewa muhula mzima!"

Coleta hakumgombeza. Alimsimulia habari za mkokoteni, na jina la mwenye mguu akamtajia. Shamsi alikaa kwenye benchi, akikizungusha kile kipande mkononi. Mwishowe akaomba daftari, akalipiga picha ukurasa kwa ukurasa.

Kweli alichelewa. Mwalimu wake alikasirika, kisha akafikiri upya: hata mitambo yenyewe huzimwa na kuwashwa. Akataka jaribio jipya, la kuzima makusudi.

Coleta naye hakuridhika. Alikiangalia kipande kilichobanduka kwa kioo cha kukuzia, akamwita Shamsi. "Tazama ukingoni. Hapa hapakukwaruzwa kabla ya unga kurushwa. Ungeshika nini?"

Vipande kumi vipya vilikwaruzwa mpaka ukingoni. Kwa siku thelathini Coleta aliwasha asubuhi na kuzima jioni. Vitano vya unga baridi vyote vilishika. Kati ya vile vingine vitano, vitatu vilibanduka.

Shamsi alifaulu mwezi wa Novemba. Alipopiga simu, Coleta alikuwa akiwafundisha wanafunzi kunoa msumeno. Alimpongeza, akatuma salamu kwa mama yake, kisha akasita.

"Na wenzako huko," akauliza, "hakuna mwenye vipande vingine?"

Shamsi alicheka, lakini Coleta hakuwa akitania. Akiwa na miaka arobaini na tisa, ndiyo kwanza anagundua kwamba anapenda kazi ya kungoja jibu asilolijua.