Rula Iliyopanda na Maji

Kazi ya Mama Rula ilikuwa kusoma bahari. Kwenye nguzo moja ya gati palifungwa ubao mrefu mweupe wenye namba nyeusi, na kila siku, maji yakijaa na maji yakitoka, aliinama ukingoni, akaangalia yamefika namba gani, akaandika kwenye kitabu kikubwa chenye jalada la kijani. Miaka ishirini na saba. Katika miaka hiyo alizaa wawili, akazika mume, akaugua mgongo, na kitabu hakikuwahi kuruka siku. Hata wiki aliyojifungua alimtuma mumewe akasome, na aliporudi akamhoji kama polisi.

Ubao huo wapakia mizigo waliuita rula, naye wakambandika jina la Mama Rula kwa utani, akalivaa kama cheo. Ukisema mbele yake kwamba maji leo ni kama mita tatu, alikukata jicho. "Kama? Bahari haina kama. Ina namba."

Mtu mmoja tu hakubabaishwa na namba hizo, dada yake mkubwa, mshonaji, aliyekaa safu ya kwanza ya nyumba nyuma ya mikoko. Kwa miaka tisa, kila bamvua kubwa, yale maji makuu ya mwezi mpevu, ilipofika, maji yaliingia jikoni kwake. Zamani hayakuwa yakiingia. Akilalamika, mdogo wake alikuwa na jibu moja.

"Kitabu hakisemi hivyo, dada. Bahari iko palepale. Sakafu yako ndiyo inayozama, fundi alikupunja saruji."

"Basi kije hicho kitabu chako kinipigie deki," dada alimjibu siku moja, na miezi miwili hawakusemeshana.

Sasa sheria ndogo ya pwani ile ilikataza kujenga wala kukata mikoko ndani ya mita sitini kutoka maji yanapofika yakijaa. Walitokea watu waliotaka kujenga hoteli, na mita sitini ziliwakera. Wakaliomba baraza lipunguze ziwe ishirini. Hoja yao ilikuwa moja, tamu kweli. Bahari haijapanda hata kidogo kwa miaka ishirini na saba, na ushahidi ni kitabu cha kijani cha bandarini. Mama Rula aliposikia kitabu chake kimetajwa kwenye ripoti, ukurasa wa nne, alitembea kifua mbele siku nzima. Asimcheke mtu, nani asiyependa kazi yake ionekane?

Wiki ya kikao cha baraza, mtafiti kutoka chuo cha bahari, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi, alikuja kuhakiki rula. Alisimamisha darubini yake ya miguu mitatu, akalenga kifungo cha shaba kilichopigiliwa kwenye ngazi ya ghala kuukuu, alama waliyoiacha wapimaji wa mwanzo kabisa. Akapima. Akapima tena. Mara ya tatu akavua miwani.

"Mama, sifuri ya rula yako ilitakiwa iwe mita nne kamili chini ya shaba hii. Iko mita tatu na sentimita themanini na tisa. Rula imepanda sentimita kumi na moja. Nani aliigusa?"

Mama Rula alitaka kusema hakuna. Kisha akakumbuka, akakaa kwenye chuma cha kufungia kamba za meli.

Rula ilikuwa imeng'olewa mara mbili, mara ya kwanza na tishari la kubebea shehena, ya pili na boti ya kuvuta meli. Mara zote mbili seremala alimuuliza, "Niirudishe wapi, mama?" Ghala lilikuwa mwendo wa dakika tano tu. Hakwenda. Alinyoosha kidole kwenye mstari wa mwani ulioshika nguzo. "Hapo, ukijani unapoishia. Mita mbili hukaa hapo siku zote." Alikuwa ameuona mstari ule kila siku, angekosaje? Lakini mwani huishi pale maji yanapofika. Bahari ikipanda, nao hupanda. Mara mbili bahari ilipanda, na mara mbili yeye, kwa kidole chake mwenyewe, aliisogeza rula iifuate. Ndiyo maana kitabu kilisema palepale.

Akafikiria jiko la dada yake. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Mkuu wa bandari alimwita ofisini, akafunga mlango kwa upole wa mtu mwenye ombi baya.

"Umebakiza miezi minne ustaafu, mama. Ukisimama kule kikaoni useme ulikosea, umejifuta mwenyewe. Miaka yote hiyo. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mwanaharamu mwenyewe ni bahari, mkuu, na haipiti. Inakuja."

"Nitalazimika kukuandikia barua ya onyo."

"Andika. Jina langu la pale kwenye faili unalijua."

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Jina lake halikuwa kwenye orodha ya wasemaji. Mwenyekiti alipouliza kama kuna nyongeza, alikuwa ameshasimama, kitabu kifuani.

"Kitabu mnachokitegemea ni changu, na kimekosea, kwa sababu mimi nilikosea." Akaeleza yote: tishari, seremala, mwani, kidole. Hakujipaka asali.

Mwanasheria wa wenye hoteli akainuka akitabasamu. "Kwa hiyo unakiri hujui kazi yako?"

"Nakiri nimekosea mara mbili kwa miaka ishirini na saba. Tarehe zote mbili ziko humu, na shaba iko ngazini, nenda kapime mwenyewe. Nyinyi mnataka kukosea mara moja tu, lakini juu ya nyumba mia mbili."

"Sentimita kumi na moja ni kidole," mtu akacheka nyuma.

Mtafiti akajibu bila kupandisha sauti. "Ufuo huu ni bapa kama sinia. Maji yakipanda kidole hicho, yanaingia ndani hatua kumi na tano. Na mikoko mnayotaka kuikata ndiyo inayoyavunja nguvu kabla hayajafika milangoni."

"Kama hamniamini mimi, hiyo ni haki yenu," Mama Rula akamalizia. "Ila msitumie kosa langu kuwazamishia watu nyumba. Sitakubali, wala mtu asinitishe kwa barua ya onyo."

Wajumbe wa baraza walipiga kura. Tisa kwa saba, mita sitini zikabaki, na ikaandikwa kwamba rula isifungwe tena mahali popote bila kupimwa kutoka kwenye shaba. Barua ya onyo ilifika kesho yake. Aliisoma akiwa amesimama, akaitia katikati ya kitabu, ukurasa uleule wa siku ya tishari, ili atakayekuja asome vyote pamoja.

Bamvua iliyofuata hakuishia gatini. Alisoma rula, kisha akatembea hadi kwa dada yake na utepe wa kupimia. Alimkuta amekunja sketi, anasukuma maji nje kwa ufagio.

"Sakafu yako haikuzama, dada."

Dada hakuacha kufagia. "Miaka tisa."

"Miaka tisa. Nilikuita mwongo ndani ya jiko lako. Nisamehe."

Ufagio ukasimama. Dada akasogea pembeni apite. "Viatu vua. Usiniletee na tope."

Mama Rula alichutama kwenye maji, akapima kutoka sakafuni hadi yalipoishia kwenye mwimo wa mlango, akapiga mstari kwa kalamu nyekundu. Halafu akakifungua kitabu cha kijani juu ya meza na kuchora safu mpya pembeni mwa ile ya gati. Juu yake akaandika: Jikoni kwa dada. Chini yake akaandika namba.