Mgeni Aliyenichagulia Deki Mikumi

Sinywi pombe, sivuti kitu, na siku ile sikuwa na homa. Nimeanza na hayo kwa sababu kila niliyemsimulia ameniuliza hayo hayo kabla sijafika katikati. Basi yameshajibiwa, nisikilize. Jambo hili lilinitokea mimi mwenyewe, Mikumi, kwenye nyumba niliyoijenga kwa jasho langu, Jumapili jioni, jua halijazama. Giza halikuwepo la kunidanganya macho.

Kwanza ujue unazungumza na nani. Shule niliishia darasa la nne. Nilianza maisha na mwavuli mmoja na chuma cha kulehemu waya, karibu na stesheni ya Kilosa, natengeneza redio za watu. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi Magomeni ya hapo hapo Kilosa, nina gesti Mikumi pale barabara kuu, na nyumba mbili zenye dari ya mbao. Hakuna aliyenishika mkono. Wenye digrii zao wanakuja dukani wananiita mzee, na wapo walionizidi umri kabisa ambao wakinikuta nimekaa kwenye kiti changu wananitangulia wao kwa shikamoo. Nami naitikia marahaba, bila wasiwasi. Nilishazoea.

Na masikio yangu, niamini, ni mali. Redio ikiwa na ugonjwa naujua kabla sijafungua kifuniko.

Sasa, mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya. Sura yake siijui. Picha ilikuwa moja tu, ikaenda na maji mwaka mto ulipoingia nyumbani kwa mjomba. Kilichobaki ni sauti, tena siyo yake peke yake. Alikuwa mwanakwaya kanisani, kijiji cha milimani upande wa Berega, na kuna mgeni mmoja wa misheni aliwarekodi kwa kaseti wakiimba wimbo wa mavuno kwa Kikaguru. Watu kama ishirini hivi. Mama mdogo, mdogo wake mama, aliitunza kaseti ile kwenye sanduku la nguo miaka yote, mpaka nilipoipeleka Morogoro ikahamishiwa kwenye CD kabla utepe haujaoza.

Hebu fikiria. Mama yako yumo mle, anaimba, na wewe hujui ni yupi. Nilimuuliza mama mdogo mara ngapi sijui. Naye masikio yameshachoka, anasema tu, "Wote hao ni dada zangu, mwanangu, siwezi kuwatenganisha."

Nikasema, mimi nitawatenganisha. Kwani kazi yangu ilikuwa nini? Mashine mbovu inawachanganya waimbaji kama uji. Mashine nzuri inampa kila mtu mahali pake pa kusimama: huyu kushoto, huyu kulia, yule nyuma kabisa. Nilikuwa na spika nzuri na amplifaya nzuri. Kilichobaki ni deki ya kusomea ile CD. Nikakusanya deki tatu, nizishindanishe.

Ya kwanza ilikuwa mpya kutoka Kariakoo, nyembamba, ina taa za buluu kama baa. Ya pili ilikuwa mtumba wa Japani, nzito kama tofali la zege. Ya tatu ya kijivu, imechubuka, iliachwa na bwana mmoja wa shamba la mkonge baada ya mafundi kumwambia imekufa. Mimi niliifufua. Nilitoa jicho la deki nyingine, lile linalosoma CD kwa mwanga, nikaipandikizia. Trei yake ilikuwa haitoki mpaka uivute kwa kucha.

Watu walinicheka. Mtani wangu Maganga, Mnyamwezi muuza nyama wa Magomeni, alisimama mlangoni kwangu na kisu chake mkononi akasema, "Wakaguru bwana! Deki tatu, masikio mawili. Hiyo ya tatu unaisikilizia wapi?"

Nikamwambia, "Naisikilizia kwenye akili, kitu ambacho kwenu Tabora hakijafika."

"Watu siku hizi muziki uko kwenye simu, wewe unanunua majeneza!"

Tukacheka. Lakini mke wangu hakucheka. Wimbo mmoja, kutwa, wiki nzima? Akaniambia, "Baba Neema, nakuheshimu, lakini peleka hiyo kwaya Mikumi." Nikapakia vyombo vyote kwenye gari nikaenda.

Jumapili ile nilikuwa peke yangu. Mvua ilikuwa inanyesha na jua linawaka, ile ambayo tukiwa watoto tuliambiwa simba anazaa. Sebule yote ilikuwa na rangi ya asali. Mlango niliuacha wazi kwa ajili ya upepo, na kutoka barabarani nilisikia malori ya Iringa yakikoroma, moja halijaisha lingine limeingia.

Nilikuwa nafanya kazi yangu kwa utaratibu. Kushindanisha deki siyo kuwasha na kuzima. Spika hazisogei. Kiti hakisogei. Sauti unaipima isizidi wala isipungue hata unywele, kwa sababu inayopiga juu kidogo itakudanganya kwamba ndiyo bora. Nilikuwa nimeweka alama kwenye kitufe cha sauti kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Wimbo ule ule, ubeti ule ule wa tatu, deki hii, halafu hii, halafu hii. Kwa ile ya Japani nilikuwa nimeanza kumsikia mwanamke mmoja upande wa kushoto, anatangulia wenzake kidogo tu. Nikajiambia, ndiye huyu. Nilikuwa karibu kulia.

"Hodi."

Nikageuka. Barazani amesimama binti, miaka kama ishirini na mbili, gauni la maua madogo, kanga mabegani, peku. Nikadhani anauza mikeka au ndizi.

"Karibu," nikamwambia, nikatulia, nasubiri shikamoo yangu.

Haikuja. Aliingia, akasimama karibu na ukuta, mguu mmoja ameukanyagia juu ya mwingine, akaniangalia. Aliniangalia kama mtu anayeangalia shamba alilolima mwenyewe. Nami naapa nilisahau kumuuliza anauza nini.

"Endelea na kazi yako," akasema.

Niliendelea. Usiniulize kwa nini. Nilikuwa kama mtu aliyeamshwa kutoka usingizini lakini bado hajatoka kwenye ndoto. Niliweka CD kwenye deki mpya yenye taa. Akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa.

"Hiyo inawapaka poda. Wote wamekuwa wanene."

Kweli kabisa! Ndivyo nilivyokuwa naiona mimi, ila sikuwa na maneno. Nikahamia ile ya Japani, ubeti wa tatu, nikamwonyesha kwa kidole upande wa kushoto. "Yule pale, umemsikia? Yule ninamtafuta."

Akacheka. "Huyo ni mke wa mwinjilisti. Siku zote anawahi. Tulikuwa tunamgombeza."

Tulikuwa. Alisema tulikuwa, na mimi nilisikia, nikaliacha neno lipite. Ndoto iko hivyo, huulizi.

"Weka hiyo mbaya," akasema.

Nikavuta trei ya deki ya kijivu kwa kucha, nikaweka CD. Na hapo ndipo nilipogundua malori yamenyamaza. Barabara ile hainyamazi, muulize yeyote aliyelala Mikumi. Hata mvua nilikuwa naiona dirishani lakini siisikii kwenye bati. Ilikuwa kwaya tu, na kila mtu mahali pake. Niliwaona, ndugu yangu. Ngoma kulia. Mke wa mwinjilisti kushoto. Wanaume nyuma yao. Ukuta wa udongo nyuma ya wanaume. Na nyuma kabisa, karibu na mlango, kuna kitu ambacho siku zote nilidhani ni mkwaruzo wa utepe.

"Hiyo haiongezi kitu," akasema. "Hapo mlangoni unasikia nini?"

Nikasogeza kichwa. Ule mkwaruzo ulikuwa ni mtoto mchanga analia.

"Mwenye mtoto mgongoni anasimama mlangoni," akasema taratibu, "ili mtoto akizidi atoke naye nje. Ndiyo ilikuwa desturi yetu."

Halafu nikasikia sauti ya mwanamke, karibu na kile kilio. Wenzake wanapanda, yeye anashuka. Alikuwa anauimba wimbo ule ule lakini chinichini, kwa mtoto tu, na mtoto akanyamaza. Nilikuwa nimempata. Na mtoto yule, utakuwa umeshajua, alikuwa ni mimi.

Je, nilishukuru? Nilipiga magoti? Hapana. Nilisimama katikati ya sebule nikaanza kujisifu. "Si unaona! Mafundi wote walisema deki hii imekufa. Nimeitengeneza mimi, kwa mikono hii, darasa la nne! Wenye pesa wananunua za mamilioni hawasikii nilichosikia mimi."

Alinisikiliza mpaka mwisho, anatabasamu. Kisha akasema, "Umekuwa mkubwa. Unataka umsikie peke yake, bila wenzake?"

"Haiwezekani," nikamwambia. "Hakuna mashine ya hivyo."

"Bila mashine. Nitakuimbia. Ila niamkie kwanza."

Niliona kama nimemwagiwa maji. "Nini?"

"Tangu nimeingia nasubiri shikamoo yako."

Sasa nielewe. Kwetu huku shikamoo siyo mchezo. Mtoto asiyeamkia wakubwa anarudishwa mlangoni aingie upya. Na mimi, mtu wa makamo, mwenye nyumba, binti wa miaka ishirini na mbili ananidai shikamoo sebuleni kwangu? Nilidhani ni binti wa watani, amekuja kunichokoza. Nikacheka kwa sauti.

"Binti, wazazi wako hawakukufunza? Wewe ndiye unidai mimi? Rudi pale mlangoni uniamkie vizuri, ndipo tuongee mambo ya kuimba."

Tabasamu halikumtoka. Lilipungua tu, kama taa ya chemli unapoishusha utambi.

"Mtu haimbii asiyemwamkia," akasema.

Alirudi mlangoni kweli, kama nilivyomwamuru. Akageuka akaniangalia, akangoja. Hapo alinipa nafasi nyingine, ndugu yangu, nafasi ya mwisho, nami nikakunja mikono kifuani nikamngoja yeye. Akatoka. Mara malori yakarudi masikioni, mvua ikarudi kwenye bati, kishindo kitupu. Nilikimbilia barazani. Uani palikuwa na nyani wawili wamekaa juu ya ukuta wananyeshewa. Geti lilikuwa limefungwa kwa ndani, kama nilivyolifunga mwenyewe mchana.

Nilimpigia simu mama mdogo palepale. Nikamweleza gauni, kanga, kila kitu. Akauliza, "Alisimamaje?"

"Mguu mmoja juu ya mwingine."

Nilisikia anavuta pumzi. "Ndivyo dada alivyokuwa anasimama akisikiliza kitu. Tulimtania, tukimwita korongo." Akaanza kulia, lakini kwa furaha. "Amekuja kukuona, mwanangu! Alisemaje? Ulimwamkia?"

Nikaizima deki ya kijivu kwanza.

"Mwanangu, nakuuliza. Ulimwamkia mama yako?"

"Nilimwambia aniamkie yeye," nikasema.

Mama mdogo hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu usiku mwema, na jua lilikuwa bado linaonekana.

Usidhani mambo yaliishia hapo. Niliirudia CD ile, kwa deki ya kijivu, jioni hiyo hiyo. Wote wapo. Ngoma ipo, mke wa mwinjilisti anawahi kama kawaida yake, wanaume wapo. Mlangoni mtoto anaanza kulia. Na hakuna anayemnyamazisha. Analia ubeti wa tatu wote, analia wa nne, analia mpaka wimbo unakwisha. Nimebadilisha jicho la deki. Nimebadilisha waya. Nilirudi Morogoro nikatengenezewa CD nyingine kutoka kaseti ile ile. Mtoto analia tu.

Deki mbili nilizigawa. Ile yenye taa anayo Maganga, anapigia muziki buchani, na tangu nilipomsimulia hajanitania tena habari ya kwaya. Ya kijivu nimebaki nayo. Wakija watu wananiuliza ushauri wa deki, maana masikio yangu bado yanajulikana wilaya nzima, nawaambia ukweli: chukua isiyoongeza kitu. Lakini uwe tayari kwa itakachokusikilizisha.

Na wewe unayenisikiliza, usimpime mtu kwa macho ukajua umri wake. Akiingia mgeni kwako akanyamaza akikutazama, usikae unasubiri heshima yako. Tangulia wewe. Shikamoo haikupunguzii nyumba wala duka.

Mimi siku hizi naamkia kila mtu. Mabinti wauza ndizi wa stendi ya Mikumi wameshanizoea. Nikishuka garini nasema, "Shikamoo," kwa mmoja mmoja, nao wanaziba midomo kwa kanga, "Jamani, mzee wa watu kachanganyikiwa!" Wacheke. Namsubiri mmoja tu ambaye hatacheka, atakayesimama mguu juu ya mguu aniitikie, "Marahaba, mwanangu."