Mzee Spoki na Breki ya Mbele

Mzee Spoki alianguka mbele ya watu ambao hawakupaswa kumwona akianguka. Angeangukia porini, angejipangusa vumbi akaendelea na safari yake, na dunia isingejua. Lakini aliangukia mtaroni, mchana kweupe, mbele ya saluni ya binti yake mwenyewe. Wanawake wakatoka nje, vichwa nusu vimesukwa, nusu vimesimama kama vimeona jini, wakamzunguka na kumuuliza kama analikumbuka jina lake.

Hakikuwa kisa kikubwa. Mkokoteni ulikatiza barabara, akakanyaga breki, mkia wa pikipiki ukamzunguka, akajikuta amelala kwenye matope huku pikipiki ikinguruma pembeni kana kwamba ni yeye aliyeiangusha kwa makusudi. Goti lilichubuka. Heshima ilichubuka zaidi.

Binti yake alimwosha jeraha, akamfunga bandeji, kisha akautia ufunguo wa pikipiki kwenye mfuko wa aproni yake.

"Baba, basi tena."

"Basi nini?"

"Basi pikipiki. Umri umekwenda. Sitaki siku moja nije kukuzoa kwa koleo."

"Ufunguo huo ni wa nani?"

"Ni wako. Na miguu hiyo pia ni yako, ndiyo maana nataka ubaki nayo."

Jina la Spoki hakuzaliwa nalo. Alilipata kibandani kwake nyuma ya soko, chini ya bati, alikofanya kazi ya kusuka magurudumu maisha yake yote. Watu walimletea rimu iliyopinda kama sufuria iliyokaliwa na mtu mzito, naye aliivua spoki zake zote, vile vijiti vyembamba vya chuma, akazipanga upya moja moja, akizikaza robo mzunguko kwa robo mzunguko huku akizigonga kwa spana na kutega sikio. Gurudumu lililosukwa vizuri hutoa mlio mmoja kila upande. Lililosukwa ovyo hulia kama watu wanaogombana.

Kisha yakaja magurudumu ya kumiminwa kiwandani, kipande kimoja, yasiyonyooshwa wala kusikilizwa. Likipasuka, linatupwa. Mtaa wa mafundi ukawa mtaa wa vifuniko vya simu. Siku hizi kijana mnyororo ukimvuka hainami. Anatoa simu, anaita mtu aje ainame kwa niaba yake. Zamani wapanda pikipiki wawili wakikutana njiani waliinuliana mkono, hata kama hawajuani. Sasa salamu ni honi, na honi yenyewe ni tusi. Katika yote hayo Mzee Spoki alibakiwa na kitu kimoja ambacho wakati haukumnyang'anya: kupanda pikipiki yake na kwenda anakotaka. Na sasa hicho nacho kilikuwa ndani ya aproni.

Habari ya uwanja aliileta mkwe wake, mume wa binti, mtu mpole mwenye gari dogo la kubebea mizigo.

"Mzee wangu, nje ya mji kuna uwanja wa mbio. Kila mwezi wana siku ya kuufungua kwa watu wa kawaida wenye pikipiki. Hakuna lori wala mkokoteni. Kuna walimu. Watu hawaendi kushindana, wanakwenda kujifunza kuendesha vizuri."

Binti akacheka hadi akaweka kitana chini. "Baba afundishwe? Huyu? Sikio la kufa halisikii dawa."

Kama asingecheka, pengine mambo yangeishia hapo. Mzee Spoki akaweka kikombe mezani.

"Nitakwenda. Mwalimu wa huko akisema sifai barabarani, ufunguo ukae kwako mpaka kutu iumalize. Akisema nafaa, nisisikie tena neno umri ndani ya nyumba hii."

"Akisema hufai, utabisha."

"Sitabisha."

"Wewe?"

Hata mkwe alikohoa.

Siku ilipofika wakaipakia pikipiki kwenye gari, wakaifunga kamba, wakaenda wote watatu. Binti alimpa ufunguo wa akiba, wa uwanjani tu; ule wenyewe alibaki nao. Uwanjani palikuwa na vijana waliovaa suti za ngozi zilizowabana kama maganda ya ndizi, na pikipiki ambazo bei yake haitajwi mbele ya watoto. Mzee Spoki alivaa koti lake la turubai na buti za kazi. Kijana wa suti nyekundu akaizunguka pikipiki yake.

"Babu, hii umeitoa jumba la makumbusho?"

"Ndiyo. Na wewe unaitazama bila tiketi."

Wenzake wakamcheka, naye akarudi kwenye kivuli chake.

Mkaguzi wa langoni alipima matairi, akawasha taa, akabana breki ya mkono, ile ya gurudumu la mbele. Kishikio kikaja mpaka kikagusa mpini, kikalala hapo.

"Mzee, breki ya mbele huna."

"Ninayo. Imelala."

"Basi iamshe. Bila hiyo huingii."

Akaamsha, kwa spana yake mwenyewe, huku akinung'unika. Kuilegeza hakukuwa uzembe. Ilikuwa desturi ya mafundi wa mtaa wao, nayo waliiona ni ihsani. Fundi aliyemlea katika kazi alirushwa siku moja juu ya mpini kwenye mteremko wa changarawe kwa kushika breki hiyo, akapoteza meno ya mbele, na tangu hapo akawausia wanafunzi wake: breki ya mbele ni kaburi, mtu akikuletea chombo, mlegezee waya bila kumtoza. Mzee Spoki akaushika wosia. Aliwalegezea walimu, wauza maziwa, wakunga. Wote walimshukuru.

Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kovu kidevuni. Watu walimwita Kocha. Alimwamkia Mzee Spoki shikamoo kwa adabu, akamwambia aende mwendo wake, asishindane na mtu, yeye atamfuata nyuma.

Akazunguka. Katika njia iliyonyooka upepo ulijaa ndani ya koti, akasahau goti, akasahau aproni. Lakini kila alipofika kwenye kona kali alikanyaga breki ya mguu, tairi la nyuma likagoma kuzunguka, mkia ukaanza kumtoroka, akaukimbilia na kuurudisha. Binti yake, kwenye uzio, alikuwa amefumba macho. Mwishowe Kocha akampungia mkono, wakasimama pembeni.

"Mzee, nimekufuata muda wote, na mbele ya pikipiki yako haijainama hata mara moja. Breki ya mbele hujaigusa."

"Siigusi. Ile ni ya kumrusha mtu."

"Kwenye changarawe, ukiinyakua ghafla, ndiyo. Hapa ni lami. Na hata kwenye changarawe kuna namna yake."

"Mwanangu, nilipoanza kuendesha, wewe ulikuwa hujafikiriwa."

"Sikatai. Binti yako ameniambia ulianguka juzi. Ulikanyaga nini?"

Akautazama mguu wake wa kulia.

"Na mkia ukaenda wapi?"

Mzee Spoki akatazama tairi la nyuma. Lilikuwa limesagika upande mmoja. Akauona mtaro akilini, akajiona mkia ukimzunguka vilevile kama kwenye kona hii. Kisha akamkumbuka mkunga wa mtaa wa pili, aliyevunjika mkono mteremkoni akaulaumu mchanga, na yeye akamwunga mkono kuulaumu. Breki ya mkunga alikuwa ameilegeza yeye, bure, kwa moyo mweupe.

"Fundi aliyenilea hakuwa mjinga," akasema.

"Sijasema alikuwa mjinga. Aliumia, akaogopa, akakurithisha woga. Mimi sina neno na uzee wako, Mzee. Uzee haujaangusha pikipiki. Ukibaki na ubishi huu, nitamwambia binti yako hufai, na nitakuwa nasema kweli."

Watu wengi wangemkejeli mwanamke huyo na kuondoka. Yeye mwenyewe alitaka sana kufanya hivyo. Maneno yalishafika mdomoni. Lakini kugomea kila kitu ni rahisi, hata punda anaweza. Kilicho kigumu ni kujigomea mwenyewe.

"Inashikwaje?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayedai haki yake.

"Usiinyakue. Anza taratibu, halafu zidisha. Mkono utangulie, mguu ufuate."

"Kama kukaza spoki."

"Sijui kukaza spoki."

"Wengi hawajui," akasema, akavaa kofia.

Mara ya kwanza mkono ulikataa. Mara iliyofuata aliminya kwa hofu, mbele ikainama, akaachia, akapitiliza kona mpaka kwenye nyasi, akasimama wima katikati yake kama mlingoti. Vijana wakapiga miluzi. Akarudi njiani bila kuwatazama. Akaendelea hadi akasikia tairi la mbele likiuma lami polepole, robo mzunguko kwa robo mzunguko, na mkia ukabaki nyuma, mahali pa mkia.

Binti alikuwa anangoja kwenye uzio. "Kocha, niambie ukweli. Anafaa?"

"Bado. Akishtuka, mguu unautangulia mkono. Arudi mwezi ujao. Kabla ya hapo, barabarani asiende."

Binti akamgeukia baba yake, amejiandaa kwa vita. Mzee Spoki akachomoa ufunguo wa akiba, akauweka kiganjani mwake, akapanda gari. Njia nzima binti alikuwa akimtazama kwa wasiwasi. Ugomvi wa baba yake aliuzoea, utiifu wake ndio uliomtisha.

Kesho yake Mzee Spoki akachukua spana akaanza kuzunguka mtaani kwa miguu. Wa kwanza alikuwa muuza maziwa.

"Lete pikipiki yako nikukazie breki ya mbele."

"Si uliilegeza mwenyewe, ukaniambia ni uhai wangu?"

"Nilisema. Leo nasema jingine."

"Kwa hiyo ulikosea?"

"Nilikosea. Una swali lingine?"

Muuza maziwa hakuwa nalo. Wengine walikuwa nayo, na mengi. Wapo waliosema anguko limemgusa kichwa. Kijana mmoja alimuuliza kama siku hizi anakanusha mafundisho yake kwa nyumba au kwa mtaa mzima. Akakaza ya huyo kijana pia, akamfundisha kuitumia, na kila alipocheka akamwambia arudie. Kwa mkunga alikaa kitako, akasema alichokwenda kusema, na mkunga akamletea kiti cha pili aweke goti.

Jioni alikaa juu ya pikipiki yake uani, imesimama kwenye stendi, injini kimya, akiminya kwa mkono kisha akikanyaga kwa mguu, tena na tena. Jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Mzee, unakwenda wapi?"

"Mbali kuliko unakofika wewe."

Mwezi ulipogeuka wakarudi uwanjani, na ufunguo wa akiba ukatoka tena. Kocha alimfuata kama mara ya kwanza, na katikati ya njia iliyonyooka, bila kumwonya, akampita na kumkatiza mbele ghafla kama mkokoteni. Mkono ukatangulia. Pikipiki ikainamisha kichwa, ikasimama imenyooka, buti mbili chini. Kocha akavua kofia, akaenda hadi kwenye uzio.

"Mpe ufunguo wake," akamwambia binti. "Na neno umri, nasikia mliwekeana sharti."

Binti akautoa ufunguo. Akataka kusema kitu, midomo ikajiandaa, kisha akakumbuka sharti na kuifunga.

"Nitakuwa nyuma yako na gari," akasema hatimaye.

"Barabara ni ya serikali. Kaa popote."

Pikipiki haikupakiwa. Alirudi nayo mwenyewe, koti limejaa upepo, kwa mwendo wake, katikati ya njia yake. Karibu na mji kijana wa suti nyekundu akamfikia kwa nyuma, akampigia honi ndefu ili apishwe. Mzee Spoki akamwinulia mkono, ile salamu ya zamani.

Hakusogea.