Geti la Treni ya Jioni

Shangazi yangu, mlinzi wa geti la reli, ana mdomo mchafu na moyo laini, na hajawahi kumwomba mtu radhi kwa lolote kati ya hayo mawili. Nimekaa naye tangu mama afariki, katika nyumba ya reli iliyo kando ya geti. Akifukuzwa kazi, na nyumba tunanyang'anywa. Ndiyo maana kila jioni tulikuwa tunagombana.

Njia hii ilijengwa kubeba pamba. Baadaye ikaongezewa mabehewa ya abiria, na watu wakasafiri kuoana na kuzikana kwa treni ya jioni. Mume wa shangazi alikuwa gadi wa treni hiyo: alikaa behewa la mwisho, na akipita getini alichungulia nje akipunga bendera ya kijani, naye shangazi alimpungia kitambaa cha jikoni. Jioni moja treni ikapita hapa salama, ikaacha reli kule darajani. Walimtoa ameshakata roho. Wakubwa wakafuta treni ya abiria. Siku hizi inapita treni ya saruji tu, asubuhi.

Lakini saa kumi na moja jioni ikigonga, saa ya treni ile, shangazi alishusha geti. Wageni walipiga honi na kutukana. Wenyeji walizima injini, wakasubiri.

"Shangazi, hakuna treni!"

"Nani kakwambia? Hebu kafagie huko."

Nilimwonea haya, na nilimwogopea.

Akaja msimamizi mpya, kijana wa suruali iliyonyooshwa ikanyooka. "Bibi, ukishusha tena geti bila treni, kesho mfungashe virago." Jioni hiyo hiyo akarudi na gari lake, akasimama karibu na geti ajionee mwenyewe.

Nikamshika shangazi mkono. "Nakuomba. Tutalala wapi sisi?"

Aliniangalia, kwa mara ya kwanza bila tusi. Akaketi kwenye kigoda, akakunja mikono mapajani. Saa ikagonga. Geti likabaki juu. Sikuwahi kumwona mdogo vile.

Lori likaja, likasimama. Nyuma yake basi, kisha pikipiki. Injini zikazimwa moja baada ya nyingine. Hakuna aliyeshusha geti, na hakuna aliyevuka.

Hewa ilikuwa imetulia tuli. Hata hivyo kitambaa cha jikoni nilichokuwa nimekianika kikainuka kwenye kamba, kikaelekea upande wa daraja.

Msimamizi akashusha kioo. Nilijua atafoka. Mbele yake barabara ilikuwa tupu, geti wazi, lakini mkono wake haukugusa gia. Uso ulikuwa umemshuka.

"Mama," akamuuliza shangazi kwa sauti ya chini, "imeshapita?"

"Bado," shangazi akasema, akinyanyuka kukichukua kitambaa chake. "Behewa la mwisho bado."